Mgongo wa Mwenyekiti na Mifupa Niliyoipiga Picha

Siku ya kuniaga, msimamizi wa hospitali alinisifu kwa muda wa kutosha kuivisha githeri, na tangu mwanzo hadi mwisho akaniita Makena. Mimi naitwa Gatwiri. Makena ni wa maabara, na alikuwa ameketi mstari wa pili, akizipokea sifa zangu kwa unyenyekevu. Nilipopewa maikrofoni niseme machache, stima ikapotea. Watu wakapiga makofi, wakaenda kula. Kwa hiyo machache yangu nayaandika hapa, kwa ajili yenu mliobaki katika chumba cha eksirei.

Cheo nilipanda lini, mtasoma kwenye faili, panya wakiwa wameacha kitu. Mimi nataka kuwaambia habari za kansa inapoingia kwenye mifupa. Hapo ndipo nilipokosea vibaya kuliko mahali pengine pote, na hapo ndipo nilipofanya jambo moja ambalo sijalijutia.

Nilianza kazi nikiwa na koti jeupe lililopigwa pasi mara tatu. Mkuu wa chumba alikuwa Mzee Njeru, Mwembu mrefu mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akimtazama kila mtu juu ya miwani kana kwamba anatafuta palipovunjika. Wakati huo hakukuwa na kompyuta. Picha ilipigwa kwenye filamu, filamu ikapelekwa chumba cha giza, ikachovywa kwenye dawa, ikasuuzwa, ikaanikwa kwa vibanio kama soksi. Asubuhi hiyo ya kwanza nikaona mlango umefungwa. Nikaufungua kwa adabu ili nimsalimie aliye ndani, na mwanga ukaingia pamoja nami. Njeru alikuwa na filamu sita mezani.

"Karibu," akasema. "Umeharibu watu sita. Nenda ukawaite tena, uwaambie wavue nguo upya."

Wa sita alikuwa mchungaji wa kanisa letu. Mpaka leo, nikienda kanisani, hunisalimia akiwa ameshika vifungo vya shati.

Njeru alinifundisha mengi, lakini la kwanza lilikuwa kuuacha mlango wazi mgonjwa anapokuja. "Mtazame kuanzia kule kwenye benchi," aliniambia. "Anainukaje? Anashika nini? Mguu upi unaburuzika? Ukingoja afike kitandani, amekwisha kujikaza ili asikuaibishe." Watu wa huku kwetu hujikaza sana. Mtu anaweza kuja na paja lililovunjika, ukimuuliza hali akakujibu kuwa wako wazima wote, ila mvua tu.

Siku moja akatundika filamu mbili kwenye ubao wa taa. Ya kwanza ilikuwa na mashimo, kama mbao iliyoliwa na mchwa. Ya pili ilikuwa na mabaka meupe, kama mtu ameurushia mfupa chokaa.

"Zote ni kansa," akasema. "Hii ya mashimo ilianzia kwenye titi. Hii nyeupe ilianzia kwenye tezi dume."

"Kwa hiyo sasa ni kansa ya mifupa?"

"Kwenu mnalima nini?"

"Kahawa."

"Nyasi ya sangari ikiingia kwenye kahawa, inageuka kuwa kahawa?"

"Hapana. Inabaki sangari."

"Basi. Kansa ya titi ikihamia kwenye mfupa ni kansa ya titi iliyohama. Utaitibu kama ya titi."

Akanieleza jinsi inavyosafiri. Chembe chache hutoka kule zilikoanzia, zikabebwa na damu, na nyingi hufia njiani. Zinazobaki hupenda mahali penye uboho mwingi: uti wa mgongo, nyonga, mbavu, sehemu ya juu ya paja na ya mkono. Mfupa una mafundi wake. Kuna wanaobomoa ulipochakaa na wanaojenga upya, nao hufanya kazi hiyo maisha yote bila kelele. Kansa huwavuruga. Mara nyingi huwachochea wabomoaji, mfupa ukatoboka. Mara nyingine, hasa ile ya tezi dume, huwachochea wajenzi, nao wakajenga ovyo, mfupa ukang'aa kwenye picha huku ndani ukiwa dhaifu. Niliwahi kuona ujenzi wa namna hiyo katika madarasa kadhaa ya umma, kwa hiyo nilielewa upesi.

"Na ujue jambo moja," Njeru akamalizia. "Picha yetu huchelewa. Mpaka wewe uone shimo, mfupa umekwisha kuliwa sana. Usije ukamwambia mtu mwenye maumivu kwamba ni mzima kwa sababu filamu yako ni safi."

Halafu akanifundisha sheria, ambayo nyinyi nyote mnaijua. Kazi yetu ni kupiga picha. Kuisoma na kumweleza mgonjwa ni kazi ya daktari. Wakati huo daktari wa kusoma picha alitujia Alhamisi moja, akaruka nyingine, na akija hukuta bahasha zimepangwa hadi dirishani. Sheria ni nzuri. Inamkinga mgonjwa dhidi ya mjinga mwenye koti jeupe. Ila haikueleza la kufanya pale mwenye koti anapokuwa hajakosea.

Kanana alikuwa mchuuzi wa ndizi pale sokoni Gakoromone, mama wa miaka arobaini hivi. Alivunjika mkono akiinua beseni. Hakuanguka wala kugongwa. Aliinua beseni lile lile la kila siku, mkono ukalia kama kuni kavu. Alipofika kwetu akiwa na mumewe, benchi lote lilikuwa limekwisha kuhukumu. Mama mmoja aliyekuja kwa ajili ya kikohozi alimtazama yule mume toka juu hadi chini.

"Wanaume wa siku hizi," akasema, "wakikosa kazi wanapiga wake zao."

"Mimi sijamgusa!" yule mume akalia.

"Hata hao wengine husema hivyo."

Nikapiga picha. Njeru alikuwa likizoni. Filamu ilipotoka majini nikauona mfupa wa mkono umetobolewa, na ulipovunjikia palikuwa pembamba kama ganda la yai. Nilijua. Nikarudi kwake nikiwa na maneno mdomoni. Kanana akanitazama akauliza, "Daktari, kumevunjika tu, sivyo?"

Nikamwambia, "Daktari atakueleza."

Wakamfunga plasta. Bahasha ikangoja Alhamisi, na Alhamisi hiyo daktari alikuwa na semina. Mume akaenda nyumbani, akaitwa mbele ya wazee, akatozwa mbuzi kwa kosa la kumpiga mkewe. Mbuzi akaliwa. Wiki kadhaa baadaye Kanana akaletwa tena, safari hii akiwa amelala. Nyonga ilikuwa imevunjika alipokuwa akigeuka kitandani. Ndipo mtu akamwuliza kuhusu matiti, naye akaonyesha uvimbe aliokuwa ameuficha chini ya kitambaa kwa miaka miwili.

Nilikuwa nikimwekea mto alipouliza, "Siku ile ya mkono, ulijua?"

"Nilijua kuna kitu."

"Na ukanyamaza."

"Sheria hainiruhusu kusema."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Si ungenikanyaga tu mguu," akasema. "Ningejua kuna kitu."

Alipewa dawa, akapelekwa kwenye mionzi, maumivu yakapungua hata akaweza kuketi nje juani akipanga bei na wauzaji kwa simu. Tulikuwa tumechelewa. Alikufa kabla ya mavuno. Wazee walirudisha mbuzi, aliyekonda kuliko yule waliyemla, na hakuna aliyemwomba mumewe msamaha. Nami sikwenda mazishini. Nilijiambia kwamba nina zamu, na kweli nilikuwa nayo, kwa sababu nilimwomba mwenzangu anipe yake.

Miaka ikaenda, Njeru akastaafu, nami nikarithi miwani yake ya akiba na kiti chenye miguu mitatu mizima. Kisha ikaja mashine ya kidijitali. Hii nawasimulia kwa sababu mnadhani mashine ililetwa ifanye kazi. Ililetwa izinduliwe. Mheshimiwa mmoja alikuja na magari tisa, akakata utepe, akataka picha ya mkono wake ipigwe mbele ya kamera. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba umeme wa jengo hautoshi kuiwasha. Msimamizi akakimbilia stoo, akatoa filamu ya zamani ya mkono, akampa. Mheshimiwa akaiinua juu. "Huu ndio mkono wa mchapakazi!" akasema, na watu wakashangilia. Ulikuwa mkono wa bibi mmoja wa miaka themanini, mwenye ugonjwa wa viungo. Mashine ikafunikwa turubai, ikakaa hivyo miezi, hadi fundi wa umeme alipokuja kwa sababu nyingine kabisa.

Ilikuwa imekwisha kuwaka alipokuja Mwenyekiti.

Jina lake ni M'Arimi, lakini kuanzia Nkubu hadi kwetu hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa mwenyekiti wa mradi wa maji, wa josho la ng'ombe, wa shule mbili, wa kamati ya mazishi, na wa kamati ya kuchunguza kamati ya maji. Alikuja na mkewe, Mama Mutwiri, aliyekuwa amebeba mkoba wenye dawa zote alizopewa kwa miezi saba. Niliacha mlango wazi. Nikamwona anainuka kwenye benchi kwa kusukuma ukuta, kisha vidole vya mguu wa kulia vikakwaruza sakafu.

"Ni viatu," akasema kabla sijauliza.

"Jana alikuwa bila viatu akaanguka kwa jiko," mkewe akasema.

"Mama Mutwiri, mwache daktari afanye kazi."

Nikasikiliza historia ya mgongo ule. Mwenye duka la dawa alimdunga sindano, ikasaidia siku mbili, akamdunga nyingine tisa. Mpwa wake akamuuzia mkanda wa mpira. Mchungaji akauombea. Kule Kiritiri kulikuwa na mtaalamu wa mifupa aliyemlaza kifudifudi, akampanda mgongoni kwa miguu yote miwili, akamnywesha supu ya mifupa ya mbuzi ili mfupa usaidiane na mfupa. Kila mmoja alimwambia ni uzee, au baridi, au ile pikipiki aliyoanguka nayo zamani. Wote walikuwa na hakika.

"Maumivu yanazidi ukifanya kazi, ama ukilala?" nikamwuliza.

"Nikilala. Nikitembea kidogo kuna nafuu. Nikilala, ni kama mtu anatoboa hapa na msumari."

"Na mkojo, mzee?"

Akanyooka. "Madam, nimekuja kupigwa picha ya mgongo, si ya choo."

"Anaamka mara sita," Mama Mutwiri akasema. "Na tangu juzi anasimama huko, hautoki."

Picha ikaja kwenye kioo. Pingili tatu za mgongo zilikuwa nyeupe kama chaki, na moja ilikuwa imebonyea kama mkate uliokaliwa. Nyuma ya pingili hupita uti wenyewe, ule unaobeba habari za miguu. Mfupa ukibonyea, au kansa ikifura pale, uti unabanwa. Mguu huanza kukwaruza, mkojo hugoma, na hapo mtu hana wiki za kungoja. Akipooza kabisa, mara nyingi hatembei tena.

Nikampelekea picha Murithi, tabibu kijana wa zamu. Alikuwa amekwisha kuandika kwenye kadi: ugonjwa wa viungo, dawa za maumivu, arudi baada ya mwezi.

"Itazame hii," nikamwambia.

"Ripoti itakuja na daktari Alhamisi, madam. Kila mtu akae kwa kazi yake."

"Sawa. Kazi yako ni kumpima miguu. Ulimpima?"

Akaweka kalamu chini. Nawaambia kwa heshima yake kwamba hakubishana tena. Alisimama akaja. Tukamlaza Mwenyekiti, Murithi akamwambia afumbe macho na aseme ni kidole gani cha mguu kinachoguswa.

"Kikubwa," Mwenyekiti akasema, kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala.

Murithi alikuwa bado hajamgusa. Akakigusa kile kidogo cha mwisho, akakibana kwa kucha.

"Endelea," Mwenyekiti akasema. "Mbona umenyamaza?"

Mama Mutwiri alikuwa anaviona vidole. Akaziba mdomo kwa mkono. Murithi akatoka mbio kwenda kupiga simu hospitali kubwa yenye mionzi, nami nikabaki nao. Mwenyekiti akafumbua macho akamwona mkewe, kisha akaniona mimi.

"Kuna nini?"

Nilikuwa na sentensi yangu tayari: daktari atakueleza. Nilikuwa nimeisema kwa miaka mingi, hata ulimi uliijua wenyewe. Nikavuta kiti nikaketi.

"Mzee, mimi siruhusiwi kukwambia haya, na ninaweza kukosea. Lakini picha inaonyesha mifupa ya mgongo imeingiliwa. Naogopa ni kansa iliyotoka kwenye tezi dume. Inabana uti. Ukienda nyumbani leo, huenda usitembee tena. Ukienda hospitali kubwa sasa hivi, kuna nafasi."

Kwa mara ya kwanza nilimwona hana ajenda. "Mimi sijakwambia kama nina kansa," akasema polepole.

"Hujaniambia."

"Kama ni kansa, kwani si nimekufa tayari?"

"Ya namna hii kuna wanaoishi nayo miaka. Miguu ndiyo haingoji."

Akamgeukia mkewe. "Wewe unasema nini?" Mama Mutwiri aliniambia baadaye kwamba katika ndoa yao ya miaka arobaini hilo swali lilikuwa geni.

"Nasema twende," akajibu.

Murithi akarudi. Wa hospitali kubwa waliposikia hali yenyewe, walisema aletwe siku hiyo hiyo, apewe kwanza sindano ya kupunguza uvimbe, asafirishwe amelala chali. Ambulensi ilikuwa imepeleka viti kwenye harambee. Nikatoka nje. Hassan, mfanyabiashara wa miraa wa Maua, mtu wa makamo, alikuwa akingoja picha ya kifua cha mama yake, na pikapu yake ya kukimbiza miraa kabla haijanyauka ilikuwa tupu kivulini. Nikamweleza. Akavua kofia.

"Namjua Mwenyekiti. Alininyima maji mwaka mzima," akasema. "Leteni godoro."

Tukamlaza chali, mablanketi yamekunjwa pande zote mbili ili asiyumbe, mkewe akamshika kichwa. Nami nikamwambia dereva wa miraa, jambo ambalo sidhani lilikuwa limewahi kusemwa Meru, kwamba tafadhali aende polepole.

"Polepole ni ngapi?" akauliza, kwa dhati kabisa.

Walifika salama. Walimpiga mionzi kwenye mgongo, wakampa sindano za kuzima homoni inayoilisha kansa ile. Kwanza aliweza kujua ni kidole gani kinaguswa. Kisha akasimama. Baada ya miezi akawa anatembea na fimbo. Mimi nilipokea barua ya onyo, iliyosema kwamba "umewasiliana na mgonjwa." Niliitia sahihi. Murithi alikwenda ofisini kunitetea, akarudi na onyo lake mwenyewe.

Kansa haikuondoka, na Mwenyekiti aliambiwa hivyo waziwazi. Alichofanya ni kuitisha mkutano wa wanaume pale kwenye josho, na kuniita mimi na Murithi. Walikuja wengi, wakidhani ni habari za kupe.

"Nimeongoza kamati sita," akaanza, "na hakuna hata moja iliyonisaidia kukojoa." Watu wakatazama viatu vyao. Akaeleza kila kitu: mkojo, sindano kumi, mtaalamu wa Kiritiri aliyempanda mgongoni. "Kansa ilikuwa hapa chini, mimi nikawa natibu huku juu. Nikaona aibu mpaka mifupa ikaliwa. Madam hapa anasema siku hizi wanaanza na damu tu. Hicho kidole cha daktari cha kupima tezi kwa nyuma, mnachokiogopa, kikihitajika, ni dakika moja. Mimi nimepimwa, na bado ni Mwenyekiti."

Mzee mmoja akakohoa.

"Wanaokubali kwenda kupimwa?" Hakuna mkono ulioinuka. "Wanaopinga?" Hakuna mkono. "Basi imepitishwa kwa kauli moja. Katibu, andika."

Wiki iliyofuata walikuja kumi na mmoja, na kila mmoja akaniambia kwamba amemsindikiza mwenzake. Wawili walikutwa nayo. Mwenyekiti mwenyewe aliishi miaka minne mingine, akitembea, akigombana na watu wa maji, na Mama Mutwiri akawa anahudhuria kamati na kujibu maswali ambayo hakuulizwa.

Mmoja wa wale wawili alikuwa Mzee Kirimi, mkulima wa chai, mtu asiye na maneno. Walimpeleka mjini akapigwa picha ya mifupa yote kwa mashine kubwa ya huko. Alirejea na bahasha, akapita ofisi zote, akaja moja kwa moja kwangu.

"Nimeambiwa huko, lakini sikusikia vizuri," akasema. "Walikuwa wanasema haraka. Nisomee wewe."

Nikaisoma mara mbili kimya. Karatasi ilikuwa imetiwa sahihi na daktari wao. Miguu yake mikubwa yenye matope ya shambani ilikuwa imesimama pamoja sakafuni, kama ya mtoto anayengoja kuchapwa.

"Haijafika kwenye mifupa, mzee. Iko pale ilipoanzia, na pale inatibika."

Akaondoa kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.